Seva ya nyumbani: anza na LUKU na RAM, prosesa baadaye

Vijana wanaosomea mitandao hapa Arusha huniuliza sana wanunue kompyuta gani ya kuendeshea mashine pepe nyumbani, yaani kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya mashine moja: moja ya Linux, moja ya Windows Server ya kufanyia mazoezi, nyingine ya kutunza picha za familia. Jibu langu ni lile lile. Tafuta zile kompyuta ndogo za ofisini zenye ukubwa wa kitabu kinene, za mtumba: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro.

Sababu ya kwanza ni umeme. Seva huwaka saa 24. Kompyuta ya aina hii ikiwa haina kazi nzito hula wati 10 hadi 15 hivi; chukua 12, kwa mwezi ni kama uniti 9. Sasa wapo wanaovutiwa na seva kubwa za kwenye raki kwa kuwa zinauzwa bei ya kutupa na zina prosesa mbili. Seva ya zamani ikila wati 120 huku imekaa tu, na nyingi hufika hapo, inamaliza uniti 86 kwa mwezi. Kama nyumba yenu iko kwenye tarifa ya D1, ile ya TANESCO ya watumiaji wadogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mashine peke yake imeshawatoa kwenye bei nafuu kabla hamjawasha hata taa ya sebuleni. Mama mwenye nyumba hatakuelewa, na ana haki. Makelele ya feni zake nayo hayavumiliki kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Sababu ya pili ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa zinaendeshwa, na hapa ndipo naomba msomaji atulie. Mashine pepe tano zinaweza kutumia prosesa moja bila shida kwa sababu muda mwingi hazina kazi. RAM haiko hivyo: ukiipa Windows Server GB 4, hesabu kwamba zimekwenda. Proxmox, mfumo wa bure wa kuendeshea mashine pepe, wenyewe unataka GB 1 au 2 kabla hujaanza. Kwa hiyo zile GB 8 ambazo mashine nyingi za dukani huja nazo zitakubana mapema sana. Anza na 16, lenga 32. Mwombe muuzaji afungue kifuniko, nyingi zina skrubu moja tu kwa nyuma, uone nafasi mbili za RAM na ipi iko wazi. Ni RAM za aina ya laptop, si zile ndefu za kompyuta ya mezani. Kijiti kimoja cha GB 16 nakipenda kuliko viwili vya 8, maana unabaki na pa kuongezea.

Kwa prosesa, Intel i5-8500T ya kizazi cha 8, ya mwaka 2018, inatosha kabisa: kore 6, wati 35. Herufi T mwishoni ndiyo ya umeme mdogo. Za kizazi cha 6 na cha 7 hazikubaliwi na Windows 11, na Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukipewa bei ya mashine hizo, shusha bila aibu. Kwa Proxmox bado zinafanya kazi vizuri, ila i5 zake zina kore 4. Mimi ningeongeza hela nichukue kizazi cha 8.

Dukani usiridhike kwa kuona inawaka tu. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, wewe mwenyewe. Nyingine bado zina nywila ya kampuni iliyozitoa, na ukifika nayo nyumbani ni kizungumkuti. Humo humo hakikisha VT-x na VT-d, uwezo wa prosesa wa kusaidia mashine pepe, zipo, kisha tafuta mpangilio wa kuifanya mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Angalia adapta pia: Dell isipoitambua adapta yake hupunguza kasi ya prosesa, na utadhani umeuziwa mashine mbovu.

Ukitaka kuifanya iwe pia ukuta wa moto (firewall) wa mtandao, kumbuka nyingi zina tundu moja tu la kebo ya mtandao. ThinkCentre M720q na M920q hukubali kadi ya matundu manne, lakini kile kipande cha kuunganishia kadi mara nyingi hununuliwa kivyake, na kadi inakaa mahali pa diski ya inchi 2.5.

Usisahau UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Ndogo tu ya VA 650 inabeba mashine hii pamoja na ruta, na umeme wetu unaokatika na kurudi ghafla huharibu mafaili. Mwisho, ukiwa na mashine moja tu ya Proxmox, zima huduma za pve-ha-lrm na pve-ha-crm. Zinaandika kwenye SSD mfululizo na hazina kazi yoyote pasipo klasta, yaani mashine kadhaa za Proxmox zilizounganishwa.