Maswali Yenu: "Mwalimu Hafundishi, Anatuuliza Tu"

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu ufundishaji wa unesi, sijui mmeambizana au vipi, basi tuyamalize humu humu. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, msininunie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkufunzi mpya kwenye chuo cha unesi. Nilipunguza slaidi nikaanza kuwapa wanafunzi kesi za wagonjwa wajadili kwenye magrupu. Mwisho wa muhula kwenye fomu za tathmini wameandika kwamba sifundishi, nawauliza tu maswali, na mkuu wa idara kaniita ofisini. Nirudi kwenye slaidi zangu? – Mkufunzi Mpya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Usirudi. Malalamiko kama hayo sio ya chuo chako tu, na yameshapimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wao kwa wanafunzi wa fizikia, wengine walipewa lekcha nzuri kabisa na mwalimu mzoefu, wengine somo lilelile wakalihangaikia wenyewe kwa magrupu, halafu wote wakapewa mtihani. Waliohangaika kwenye magrupu walifanya vizuri zaidi, ila walipoulizwa wanaona wamejifunza kiasi gani, hao hao ndio waliosema wamejifunza kidogo! Yaani lekcha ikitiririka vizuri unatoka darasani unaona umeelewa, kumbe aliyeelewa ni mwalimu.

Ukienda tena kwa mkuu wa idara beba na ule uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu, uliona wanaofundishwa kwa lekcha tupu uwezekano wao wa kufeli ni mara 1.5 ukilinganisha na wale wanaoshirikishwa. Sio unesi, sawa, lakini kichwa cha binadamu ni kilekile.

Ila sasa na wewe, je uliwaambia wanafunzi mapema kwa nini unabadilisha? Maana mtu kazoea miaka yote anakaa ananakili, leo unamtupia kesi ya kurasa tatu, lazima aone mwalimu kawa mvivu. Kwenye ule utafiti wa 2019 wenyewe wanashauri wanafunzi waelezwe mapema kwamba watajiona kama hawaelewi na hiyo ni kawaida. Halafu anza na kesi ndogo, ndogo kabisa, inayobadilika wakiwa katikati. Mfano dripu. Mgonjwa kaandikiwa lita moja kwa masaa 8, seti ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita, watapiga hesabu watakuambia matone kama 42 kwa dakika, vizuri, wote wanafurahi. Sasa waambie: umerudi baada ya masaa 4 umekuta zimebaki mililita 700, unafanya nini? Hapo utaona, wengi watakimbilia kupiga hesabu upya wakuambie matone 58 wafungue tu dripu ifidie muda uliopotea. Na hesabu iko sahihi kabisa! Ndio ubaya wenyewe, hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa ana umri gani, moyo wake ukoje, figo je, mkono umevimba pale kwenye kanula (kile kijimrija kinachoingizwa kwenye mshipa), mrija umejikunja, kaulalia, nani wa kumwambia kabla ya kubadilisha mwendo wa dripu. Waache wabishane dakika kumi, halafu ndio uingie ufundishe kwa dakika tano, hapo watakusikiliza maana sasa wana swali vichwani. Na ufundishe kweli, usiwaachie hewani, grupu likiondoka halijui jibu lilikuwa lipi basi hapo na mimi nitaungana nao kwamba hujafundisha.

SWALI: Nasoma sana, madesa yangu yote yamejaa rangi za hailaita, narudia hata mara nne. Lakini nikiwa wodini supavaiza akiniuliza kitu nabaki nimetoa macho. Nina tatizo la kumbukumbu? – Mwanachuo mwaka wa pili

JIBU: Kumbukumbu yako haina shida mwanangu, shida ni hizo mara nne. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 walichapisha jaribio lao, grupu moja lilisoma maandishi mara nne, jingine likasoma mara moja tu halafu likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 hivi na waliojipima asilimia 61. Na wodini hauulizwi baada ya dakika tano.

Kwa hiyo soma mara moja kwa utulivu, funga daftari, andika unachokumbuka, fungua uone ulichoacha. Rudia kesho, rudia wiki ijayo, usirundike usiku mmoja. Na ukijiuliza jiulize kama utakavyoulizwa wodini. Sio "taja dalili za kutokwa damu ndani", jiulize hivi: mgonjwa katoka kufanyiwa upasuaji jana, mapigo yalikuwa 84 sasa 118, presha bado inaonekana nzuri, mkojo umepungua, anahangaika hangaika kitandani. Nini kinaendelea, naanza na nini, namwita nani? Hiyo presha "nzuri" imeshadanganya watu wengi, maana mwili unaibeba beba mpaka unashindwa, na ikishuka ujue umechelewa.

Kuhusu kutoa macho, usijilaumu sana. Patricia Benner, msomi wa unesi wa Marekani, kwenye kitabu chake cha 1984 alieleza nesi anavyopita ngazi tano kutoka mgeni hadi bingwa, na mgeni anategemea sheria alizofundishwa kwa sababu hajakutana na wagonjwa wa kutosha. Ndio hapo ulipo.

SWALI: Mimi ni mtu wa macho, mwenzangu ni mtu wa masikio. Walimu si wangetufundisha kila mtu kwa staili yake? – Anayejiuliza

JIBU: Hapana. Mwaka 2008 wanasaikolojia walipitia tafiti za hizo staili hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa staili anayoipenda kunamfanya ajifunze zaidi. Halafu fikiria tu, sauti ya mapafu utaisikiliza kwa masikio hata uwe mtu wa macho namna gani.

SWALI: Chuo chetu hakina ile midoli ya kisasa inayopumua na kuongea. Tumeachwa nyuma? – Mwalimu wa Skills Labu

JIBU: Mwalimu, mdoli wa kwanza maarufu wa kufundishia manesi, Mrs. Chase, ulitengenezewa shule ya manesi ya Hartford Hospital kule Marekani mwaka 1911, haukupumua wala kusema neno na watu walijifunza kuhamisha mgonjwa, kumgeuza, kumvalisha. Simulesheni, yaani mazoezi ya kuigiza mgonjwa kwa mdoli au mtu, inafanya kazi, hilo halina ubishi sana siku hizi, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2014 ulichukua vyuo 10 ukaona hata nusu ya masaa ya mazoezi wodini yakibadilishwa kuwa simulesheni wanafunzi hawakuwa nyuma ya wenzao, wala kwenye mtihani wa leseni. Ila vyuo vile vilikuwa na walimu waliofundishwa kuiendesha, na baada ya kila zoezi watu walikaa wakaongea. Huko kwenye kuongea ndiko watu wengi wanakobania muda. Zoezi dakika 15, mazungumzo dakika tatu, "mmefanya vizuri, nani anafuata?" Geuza. Anza kwa kuwauliza waliona nini, walidhani ni nini, kwa nini wakafanya walichofanya, wangefanya nini tofauti. Mwanafunzi mwenzao akiigiza mgonjwa, kapewa karatasi ya kusema "naona kizunguzungu" presha ikifika namba fulani, anakutosha kabisa kwa mambo mengi. Kuingiza kanula hapana jamani, hapo tafuta mkono wa plastiki.

SWALI: Naandika propozo ya masters. Nataka kupima kama kujifunza kwa kesi kunasaidia wanafunzi wangu, kwa dodoso la kujiamini kabla na baada ya somo. Supavaiza kasema ni dhaifu lakini hakueleza. – Mtafiti Mchanga

JIBU: Ngoja nimsaidie kueleza. Kwanza kujiamini sio kujua, umeona hapo juu wanafunzi wanavyojipima vibaya, na nesi anayejiamini huku hajui ni hatari kuliko anayeogopa akauliza. Pili, kabla na baada bila grupu la kulinganisha, karibu kila kitu kitapanda, wangefundishwa kwa lekcha kingepanda pia, wangekaa tu wodini wiki mbili kingepanda. Dodoso unaweza kubaki nalo pembeni, ila kipimo kikuu kiwe kitu wanachofanya. Tumia oski (OSCE), ule mtihani wa vituo ambao mwanafunzi anapita kituo hadi kituo akifanya kazi huku msahihishaji anamtazama, Harden na wenzake waliuandika mwaka 1975, wape vituo vichache, msahihishaji asijue nani alikuwa grupu lipi, na rudia kuwapima baada ya wiki kadhaa maana kinachoonekana siku ileile mara nyingi kinayeyuka.

Tatu, nadhani ndio itakayokukwamisha kwenye kamati ya maadili, umeandika "wanafunzi wangu". Wewe ndiye unayewapa maksi, nani atakukatalia? Tafuta mtu mwingine awaombe ridhaa, fomu zikae kwake, na wewe usijue nani kakubali mpaka matokeo yote yawe yameshatoka. Grupu la kulinganisha nalo lipewe hizo kesi ukishamaliza kupima. Liandike hilo kwenye propozo waziwazi, usisubiri kuulizwa.