Monsinyori ni askofu mdogo?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Nimepewa kazi ya ushereheshaji kwenye jubilei ya upadre ya paroko wetu hapa Kigoma. Kati ya wageni yupo Monsinyori mmoja wa jimboni, na mwingine anatoka Uvira, ameandikwa "Mgr". Je, cheo chao ni kimoja? Na umonsinyori ni hatua ya kuelekea uaskofu?

Jibu: Milele, amina. Tuanze na huyo wa Uvira, maana ndiye atakayekuponza mbele ya watu. Kwa Kifaransa cha Kanisa la Kongo, "Mgr" ni kifupi cha "Monseigneur", na ndivyo anavyoitwa askofu. Hata jirani zetu Warundi wakisema "Musenyeri", wanamtaja askofu. Piga simu parokiani wakuthibitishie, kisha mtambulishe kwa "Mhashamu Baba Askofu" kama ulivyozoea.

Huyo wa jimboni ni padre. Daraja takatifu ni tatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Umonsinyori haumo. Ni heshima anayoitoa Papa, kwa kawaida kwa ombi la askofu wa jimbo, na huja kwa hati, si kwa kuwekewa mikono. Monsinyori hawezi kumpadirisha mtu, na wapo maaskofu wengi ambao hawakuwahi kuitwa hivyo.

Jina lenyewe ni la Kiitaliano lililotokana na Kifaransa, maana yake "bwana wangu", na linahusishwa na enzi za mapapa kukaa Avignon, 1309 hadi 1377. Baadaye ngazi zikarundikana mno, mpaka Papa Paulo VI alipozipunguza mwaka 1968. Zikabaki tatu: Protonotari wa Kitume, Prelati wa Heshima, na Kaplani wa Baba Mtakatifu. Mwaka 2014 Papa Fransisko akakaza zaidi: mapadre wa majimboni wapewe hiyo ya mwisho tu, tena wakishatimiza miaka 65. Waliokwisha kupewa hawakunyang'anywa. Kwa maoni yangu alifanya vema; heshima ilikuwa imeanza kutafutwa kama cheo.

Usidanganywe na rangi ya zambarau. Kaplani huvaa kanzu nyeusi yenye pindo na mshipi wa zambarau, lakini kile kikofia cha zambarau cha utosini, pamoja na msalaba wa kifuani, ni vya askofu. Kwenye kipaza sauti sema "Monsinyori" na jina lake, bila "Mhashamu", na umtaje baada ya askofu.