Zatisha, lakini mwaziangalia wapi?

Mhariri, wiki hii mwauliza: je, filamu za kutisha za siku hizi bado zinatisha kweli? Swali limenichoma kwa sababu mimi ni fundi wa simu hapa Malindi, na kila siku vijana waniletea simu zenye vioo vilivyopasuka huku filamu imesimama katikati. Naona wanachotazama na jinsi wanavyokitazama. Mzuka mwenyewe ana ukubwa wa kidole gumba, sauti yatoka kwenye spika moja iliyoingia maji, na juu ya uso wake pamekaa ujumbe wa kudai mkopo. Kisha kijana huyohuyo aegemea kaunta aniambie, "Fundi, za siku hizi hazitishi." Zitamtishaje?

Kwa hiyo niwieni radhi, sitajibu kuhusu filamu. Nitajibu kuhusu mahali.

Jibu la haraka, kama mwalihitaji, ni kwamba hazitishi, zashtua tu. Muziki wanyamaza, mwanamke afungua kabati, hamna kitu, afunga mlango wa kabati, na nyuma yake puu! Hata tairi la tuktuk likipasuka nje ya duka langu nitaruka, wala sitasema tuktuk inatisha. Mtu aliyeshtuka acheka papo hapo na kuitisha soda. Aliyetishika hacheki, na soda haimshuki.

Sasa niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Mwaka wa 2003 au 2004 hivi nilikuwa kijana wa mkono kwenye kibanda cha video huko Maweni. Kazi yangu ilikuwa kukusanya pesa mlangoni, kurudisha kanda nyuma, na kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, magunia madirishani, mbao za kukalia zimewekwa juu ya matofali. Runinga ilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na deki chini yake. Mwenyewe tulimwita Ami, ingawa hakuwa ami wa yeyote kati yetu. Ami ndiye aliyekuwa akitufasiria. Alisimama karibu na mlango, bila kipaza sauti, akatia Kiswahili juu ya Kiingereza, na pale asipoelewa alitunga. Alitunga vizuri. Kuna filamu za karate ambazo mpaka leo sijui hadithi yake halisi, najua ya Ami.

Usiku mmoja akaja na The Ring. Hiyo ni ile ya Wamarekani ya mwaka 2002, waliyoitoa kwenye Ringu, filamu ya Kijapani ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Hideo Nakata. Iliyofika Maweni ilikuwa nakala ya nakala, ina mistari inayopanda na kushuka, rangi zote zimegeuka kijani. Hadithi yake wengi mwaijua: kuna kanda ya video, ukiitazama mpaka mwisho simu yalia, sauti yakwambia umebakiwa na siku saba, na siku ya saba wafa.

Hebu fikirieni. Kanda! Sisi tumebanana ndani ya mabati tukitazama kanda, na kanda yatuhadithia kanda inayomuua mwenye kuitazama. Ami alipofika kwenye "siku saba" aliitoa kwa sauti nzito, watu wakacheka, na mmoja huko nyuma akauliza, "Na sisi je, Ami?" Kicheko tena. Lakini mimi nilikuwa karibu na mlango, nikamwona Ami akitoa simu mfukoni, akaizima, akairudisha. Hakusema kitu.

Basi tukaenda nayo hadi karibu na mwisho. Walioiona wanakumbuka: runinga yajiwasha yenyewe, chaonekana kisima, na yule mzuka wa msichana mwenye nywele usoni atoka kisimani na kuja, kwa ule mwendo wake wa kukatikakatika. Yuaja kwenye kioo. Ami yuafasiri, ingawa hakuna maneno ya kufasiriwa pale. Alikuwa akisema tu, "Yuaja... yuaja..." Na hapo hapo kanda ikaliwa na deki. Kioo kizima kikawa chenga.

Mtu aliyekulia kwenye vibanda ajua kanda ikiliwa ni nini hufuata. Ni miluzi, ni "rudisha pesa zetu!", ni kupigwa mabati kwa nje. Usiku ule hakuna aliyefungua kinywa. Zile chenga zikawa zinavuma peke yake, mwanga wake mweupe kwenye nyuso za watu, na Ami amenyamaza. Nafikiri hilo ndilo lililotumaliza. Sauti ya Ami ndiyo tuliyokuwa tumeishikilia tangu mwanzo, hata pale alipokuwa akitunga, na sasa haipo. Kisha nikaisikia, ndogo sana: "Kijana, katoe kanda."

Nikaenda. Nikafungua kufuli, nikaingiza mkono chini ya kioo. Kanda ilikuwa imepanda nusu, utepe umejizungusha kwenye vile vigurudumu vya ndani. Kazi hiyo nilikuwa nikiifanya huku nazungumza na watu: wavuta utepe taratibu kwa kidole, watia kalamu kwenye tundu la kanda na kuuzungusha urudi ndani. Ila ilinibidi uso wangu uwe kando ya kioo. Wa umri wangu wazikumbuka runinga za zamani, zile zenye kisogo. Ukisogeza mkono kwenye kioo chake, vinyweleo vyasimama. Ni umeme tuli, hata wakati ule nilikuwa najua. Kujua hakukunisaidia hata kidogo. Vinyweleo vilisimama mkono mzima, vikapanda mpaka shingoni, nami navuta utepe macho nimeyaelekeza chini, sitaki kuangalia kioo. Nikavuta kwa pupa. Ukakatika.

Filamu ikaishia hapo. Hakuna aliyedai pesa yake. Watu walitoka kwa mafungu, na kila fungu lilihakikisha haliwi la mwisho. Ami, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaniambia nimsindikize kwake, ati nimsaidie kubeba betri ya gari, betri ambayo siku zote alikuwa akiibeba mwenyewe kwa mkono mmoja. Nilipomfikisha akaingia, akafunga, nikabaki mimi na njia ya kurudi kwetu Shella. Malindi wanaijua: wapita karibu na yale makaburi ya minara, kando ya msikiti wa Juma. Nilikuwa nikipita pale tangu niko chuoni na juzuu yangu kwapani, mchana na usiku, wala sikuwahi hata kugeuza shingo. Usiku ule nilisoma Ayatul Kursi nikaikosea katikati, nikaanza upya, nikaona bora miguu.

Juma zima kibanda hakikujaa. Kulikuwa na muuza maji wa mkokoteni aliyekuwa akitutania kwa kuhesabu siku kwa sauti, akipita na mitungi yake: leo ya pili, leo ya tatu. Alipokaribia ya saba akaacha kuhesabu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Mwisho wa hadithi niliujua baadaye sana. Anayetaka kusalimika huinakili ile kanda na kumwonyesha mtu mwingine. Ami nyumbani alikuwa na deki mbili, na kazi yake nyingine ilikuwa kunakili kanda na kuuzia vibanda vya Watamu na Mambrui. Kumbe alikuwa amesalimika kitambo!

Nimeirefusha, najua. Lakini angalieni kilichotutisha pale: mabati, nakala mbovu, deki chafu (lawama yangu hiyo), mfasiri aliyenyamaza, na njia ya kurudi nyumbani. Kwenye orodha hiyo mwongozaji wa Hollywood hayumo. Filamu hiyohiyo nimeiona tena kwenye simu ya mteja, picha safi ajabu, nikaitazama huku nabadilisha tundu la chaji. Mpwa wangu nilimwonyesha akauliza swali moja tu: "Mjomba, mbona wasiizime hiyo tivii?"

Majirani zetu Wagiriama wana pepo aitwaye katsumbakazi. Ni mfupi, na ufupi wake wamuudhi. Ukikutana naye njiani akuuliza: umeniona wapi? Ukijibu "hapa hapa", huna siku nyingi. Ukijibu "nimekuona kulee mbali", akuacha, na pengine wapata na bahati juu. Tulisimuliwa hayo na mama mmoja aliyekuwa akituuzia mabuyu, mchana kweupe, kwa sababu huyu pepo hata mchana hutokea. Hakuna damu wala kelele mle. Lakini ukishasimuliwa, kila njia nyembamba waipita na jibu lako mdomoni. Gede nako ni hivyohivyo. James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeanza kuchimba magofu yale mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna mtu amuangalia kutoka nyuma ya kuta. Huyo ni mtu wa vipimo na koleo, na kuta za Gede hazina spika.

Kuna kijana aliniambia dukani kwamba sisi watu wa Malindi hatuwezi tena kutishwa na filamu baada ya Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa. Nimelifikiria neno lake. Mwaka 2023 msitu ule ulifukuliwa miili zaidi ya 400, nasi tuliwaona jamaa za watu wakija na picha mkononi kutafuta wao. Mimi sitaki jambo lile liwekwe kwenye mizani moja na filamu. Ile haikuwa hofu ya mtu kulipia kiingilio aende akaogope na wenzake halafu arudi nyumbani. Ulikuwa msiba, na wapo ambao hawajamaliza kuzika. Tuliache hapo.

Nilitaka kumalizia kwa kusema filamu zimekufa, kibanda kimekufa nazo. Lakini nikiwa naandika nimekumbuka jambo linalonivurugia hoja. Mwaka jana, usiku wa likizo, mpwa wangu huyohuyo alileta kompyuta yake akazima taa sebuleni. Akatuwekea A Quiet Place, ya mwaka 2018, ya John Krasinski. Viumbe vipofu vinawinda kwa kusikia, na familia yaishi kimya kabisa, yazungumza kwa ishara, yatembea miguu mitupu juu ya njia za mchanga walioumwaga wenyewe. Binti yao ni kiziwi, na Millicent Simmonds aliyemwigiza ni kiziwi kweli.

Tulikuwa na bakuli la kachiri za muhogo, zile ngumu za pilipili. Dakika za kwanza watu wanatafuna. Kisha nikaona mikono haiendi tena bakulini. Mimi mwenyewe nilikuwa na kachiri mdomoni na sikuthubutu kuitafuna, nikaiacha mpaka ikalainika. Dada yangu alitoka jikoni na birika la chai, akasimama mlangoni, hakumimina. Nyumba ni yangu, feni ni yangu, makaburi hayapo, Ami hayupo. Nilitishika.

Sasa nadharia yangu ya mahali nitaifanyaje? Naweza kujitetea kwamba taa zilizimwa na tulikuwa chumba kimoja, kwa hiyo sebule iligeuka kibanda. Naweza pia kusema ile nayo ina mashtuko yake ya puu kama zingine, tena mengi. Lakini kachiri ile sikuitafuna, na hilo halina utetezi.

Basi andikeni kwamba msomaji wenu wa Malindi asema zatisha, si zote, tena si kwenye simu yenye deni. Na kama kuna atakayenipinga kwamba filamu ya 2018 si ya siku hizi, nitamwachia hoja hiyo, kwa sababu za baadaye nimezionea dukani tu, vipande vipande, nikijaribu kioo kipya kama kinagusika.