Muulize Mzee: KAFOCA ni baa?

SWALI: Salamu, mzee. Tulipomzika babu tulikuta sandukuni mwake medali mbili na kadi ya KAFOCA. Mimi nimekulia Kayole, na KAFOCA ninayoijua ni ya bia na nyama choma. Kweli babu alitunza kadi ya baa miaka yote hiyo? – Mjukuu, Kayole

JIBU: Mjukuu wangu, bia ilikuwepo, na nyama pia. Lakini KAFOCA ni chama cha askari wa zamani wa Kenya. Siku hizi kinaitwa DEFOCA, maana baada ya katiba ya 2010 jeshi lenyewe lilianza kuitwa KDF, yaani Kenya Defence Forces.

Siku moja shuka mjini Nairobi, usimame Kenyatta Avenue mbele ya zile sanamu tatu: mpagazi, askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika) na askari Mwarabu. Zimesimama pale tangu 1928, kwa ajili ya vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi, na kambi yao, ya Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia jina la mtaa wa Kariokor. Maandishi ya pale yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Sasa tafuta jina. Hakuna hata moja!

Marehemu baba yangu alikuwa Keya vita vya pili. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua ambayo, akisimulia, ilimkwaza kuliko Mjapani. Waliporudi, Wazungu waliopigana walitengewa mashamba. Yeye alipewa pesa kidogo, iliyopimwa kwa rangi ya ngozi, na koti.

Klabu yake ilikuwa nje kidogo ya Machakos: chumba kimoja cha mawe, mabati, benchi nne. Bia iliuzwa ili mabati yasivuje na mjane akifiwa apate jeneza. (Na kiu ilikuwepo, nisiwasingizie utakatifu.) Kabatini palikuwa na daftari jeusi. Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, kabla chupa haijafunguliwa, katibu alisoma majina yote. Aliye hai aliitika, “Afande!” Aliyekufa aliitikiwa na wa karibu yake: “Hayupo, afande!” Mwaka 1983 nilimwitikia baba. Sauti ilinikwama, wazee wakangoja mpaka ikatoka.

Kwa hiyo tazama kadi ya babu, utaona tawi lake. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla jiko la nyama halijawashwa, umwone katibu na umwombe daftari la zamani. Chukua pia kipande chake cha kuachishwa jeshi kama kipo, kwa sababu namba ya askari haikosewi kama jina. Medali usizisugue kwa majivu. Na kama tawi ni Machakos, niandikie tena haraka: daftari letu lililoa maji, na ukurasa wa herufi M unasomeka nusu tu.