Fundi Anajibu: Oili ya kompresa imegeuka chai ya maziwa

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Tanga, nina kompresa ndogo ya lita 24, mota yake 2 HP, naitumia kujazia upepo pikipiki za majirani na wikiendi napuliza rangi vitanda na makabati. Kwenye boksi haikuja na oili. Fundi pikipiki wa hapa mtaani akanambia tia 20W-50 ya injini, oili ni oili tu, muuza duka akasema hapana tia ya giaboksi namba 90 ndo nzito. Nikamsikiliza wa pikipiki. Sasa miezi minne baadae kwenye kale kadirisha oili imekua nyeupe kama chai ya maziwa, na rangi nikipuliza inakauka na vishimo vishimo. Ndo nimeua mashine?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujaiua, ila umeichosha, na wote wawili waliokushauri walikua wanafikiria injini wakati kompresa sio injini hata kama ina pistoni na ringi na kila kitu.

Angalia hivi. Injini inachoma mafuta, inatoa masizi, kwa hiyo oili yake imetiwa dawa ya kusafisha, ile dawa inashika masizi na uchafu inaviacha vielee ndani ya oili mpaka vifike kwenye filta. Kompresa yako haichomi kitu na filta ya oili haina kabisa. Uchafu wake mkubwa ni maji. Sasa ile dawa ya sabuni iliyomo kwenye 20W-50 ikikutana na maji inafanya kile kile sabuni inachofanya na maji, yani inayachanganya na oili hayataki kuachana tena, ndo hiyo chai ya maziwa unayoiona, na juu yake povu. Na kompresa yako haina pampu ya oili, kuna kijiko tu chini ya konrodi, ule mkono wa pistoni, kinachota na kurusha huku na huku, kikichota povu kinarusha povu, halafu unashangaa ringi zimekwisha.

Utauliza maji yanatoka wapi wakati hujatia maji. Yanatoka kwenye hewa ya Tanga hiyo hiyo. Tenki lako la lita 24 likijaa mpaka presha ya 8 bar limebeba kama lita 216 za hewa ya kawaida, na hewa ya pwani ya nyuzi 30 yenye unyevu wa kama asilimia 80 ukiibana hivyo haiwezi kubaki na maji yake yote, inayaachia. Nimepiga hesabu, inakuja kama kijiko kimoja cha chai kila unapojaza tenki kutoka sifuri. Ukijaza mara kumi kwa siku hapo una kikombe kizima cha kahawa, sisemi kikombe cha chai, kile kidogo cha wauza kahawa wa barazani. Mengi yanalala chini ya tenki lakini mengine yanapita kwenye ringi yanashuka kwenye oili, na kwa sababu wewe unajaza tairi moja dakika mbili unazima, mashine haipati hata muda wa kupata joto la kuyakausha.

Kwa hiyo unachotafuta ni oili isiyo na hiyo dawa ya kusafisha, oili inayoachana na maji. Nenda duka kubwa la oili sio kibanda cha pikipiki, sema unataka oili ya kompresa ya pistoni, ISO VG 100. Hiyo 100 ni kipimo cha uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 40, na ukilinganisha na namba za magari inakaribiana na SAE 30. Shell wanayo inaitwa Corena S2 P 100, Mobil wana Rarus 427, na kama kopo lako ni la Kichina tafuta maandishi L-DAB 100, ni kazi ile ile. Ukiona DIN 51506 VDL kwenye kopo, chukua, maana yake ni oili ya kompresa inayovumilia joto kali bila kuganda mkaa kwenye valvu. Usitie oili ya kompresa za skrubu, zile za viwandani, muulize muuzaji kabla hujalipa maana makopo yanafanana.

Hapa sasa watu wengi wananaswa: SAE 30 peke yake haitoshi. Kuna SAE 30 ya injini ina dawa zote hizo hizo, ukiona kwenye kopo wameandika API SF au SG au CF ujue ni ya injini, rudisha.

Na ile 90 ya giaboksi? Namba za giaboksi zina ngazi yake, 90 ya gia kwa uzito inalingana na 40 au 50 ya injini hivi, kwa hiyo hata hiyo sababu ya kwamba ndo nzito sana haina mguu. Ubaya wake ni dawa za salfa za kulinda meno ya gia, kwenye joto la kichwa cha kompresa zinaungua zinaacha gundi. Muuza duka alitaka kuuza tu, na mi simlaumu sana, siku hizi kila mtu anauza.

Ukikwama kabisa, yani oili ya kompresa hakuna mji mzima na una kazi ya mtu, bora utie oili ya hadroliki ISO 100 au 68 siku mbili tatu kuliko 20W-50. Mafuta ya breki wala ATF, ile oili ya giaboksi za otomatiki, usiguse. Mafuta ya kula nayo usiguse, nimeshaona mtu katia alizeti, nilifungua kichwa cha mashine nikakuta kama sufuria ya maandazi.

Namna ya kubadilisha: iwashe dakika kumi ipate moto, zima, chomoa waya kwenye soketi, toa upepo wote, ndo ufungue bolti ya chini. Mwaga yote. Tia mpya kidogo, washa dakika mbili, mwaga tena, hii ya pili ni ya kuoshea, usione uchungu. Nyingi za saizi yako zinakula kama robo lita na kitu, wewe tia taratibu mpaka ifike katikati ya kidoti chekundu cha kale kadirisha. Ikizidi inapanda juu inatoka na upepo, na hapo ndo vishimo vya rangi vinaongezeka. Hivyo vishimo ni maji na oili kwenye upepo, weka chujio la maji kati ya tenki na bunduki ya rangi, na fungua koki ya chini ya tenki kila jioni. Kila jioni, sio kila mwezi, tenki linaoza kwa ndani na likipasuka halina adabu. Halafu mara moja kwa wiki iache itembee robo saa huku koki imefunguliwa kidogo, ipate joto ikaushe unyevu. Mwaga oili tena baada ya mwezi, ikiwa safi endelea na kila miezi sita.

SWALI: Fundi salama? Niko Njombe, kompresa yangu ina ISO 100 kama inavyotakiwa lakini mwezi wa sita na wa saba asubuhi haiwaki, inanguruma tu halafu fyuzi inakatika. Mchana inawaka vizuri.

JIBU: Salama mkuu. Baridi yenu ya asubuhi inaifanya 100 iwe uji mzito, shuka mpaka ISO 68 kwa hiyo miezi, jua likirudi unarudi. Ila kabla hujanunua sikiliza kitu kimoja, mashine ikijizima inatakiwa itoe mlio wa psss. Kama haitoi, kuna upepo umebaki juu ya pistoni na mota inashindwa kuusukuma, hapo oili haina kosa, ni kale kavalvu kwenye swichi. Na kama unatumia ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, itoe, vuta mpira wa upepo badala ya kuvuta umeme.

SWALI: Kaka fundi, mimi napamba keki Mombasa, nina kompresa ndogo ya kupulizia rangi za keki. Inapiga kelele mpaka jirani analalamika na nimezunguka sioni pa kutilia oili.

JIBU: Dada, huoni kwa sababu hapapo, hiyo ni ya kavu, ringi zake ni za teflon na ndo inayofaa kwenye chakula. Usitafute mahali pa kulazimisha oili, itaishia kwenye keki ya harusi ya watu. Kelele iwekee mpira mnene chini ya miguu na usiipeleke karibu na ukuta.