Anti wa Makelele Anajibu: Siku Tatu za Metali na Hadikoo

Haya wapenzi, barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, matamasha ya wikiendi ya metali, yaani roki nzito, na hadikoo, yaani panki ya kasi na makelele, yale ambayo bendi zinaanza mchana jua likiwa bado kali zinamaliza usiku wa manane, kesho yake tena, keshokutwa tena. Nimechagua chache. Mlioniuliza mnunue gitaa gani naomba mvumilie mpaka toleo lijalo.

*Anti shikamoo. Tunaenda watu wanne kwenye tamasha la siku tatu la metali na hadikoo, steji mbili, bendi zaidi ya 40. Mwenzetu mmoja katengeneza ratiba kwenye simu kaweka kila bendi, kila saa, ati tumelipa tiketi hatuendi kupumzika. Mimi roho inaniambia siku ya pili tutakuwa maiti. Nani yuko sahihi? – Mchovu Mtarajiwa*

Marahaba mwanangu. Wewe ndo uko sahihi, na huyo mwenzenu mpendeni tu ila ratiba mnyang'anyeni. Bendi 40 kwa siku tatu hakuna binadamu anayeziona, anazipitia tu, na kupita mbele ya bendi huku unawaza miguu yako sio kuiona bendi. Fanyeni hivi, kila siku kila mmoja ataje bendi mbili au tatu ambazo akizikosa atalia, hizo ndo za lazima, zilizobaki zote ni nyongeza, zikipatikana freshi, zisipopatikana maisha yanaendelea. Na msilazimishane kutembea wanne saa zote, chagueni sehemu moja ya kukutania na saa ya kukutana, msitegemee simu manake penye umati mkubwa mtandao unagoma na betri nayo inaisha, baada ya hapo kila mtu aende anakopenda.

Bendi mbili zikigongana saa ileile, wengi wanakimbilia jina kubwa. Mimi nafanya kinyume. Jina kubwa litarudi, lina meneja, lina basi, mwakani utalikuta kwenye bango lingine. Kale kabendi ka hadikoo kanakopiga dakika 25 kwenye steji ndogo huenda mwakani hakapo tena, mpiga dramu kahama mji, muimbaji kaoa, basi imeisha. Ila angalizo, ukumbi wa ndani ukijaa mlango unafungwa na mlinzi hana habari na mapenzi yako, kwa hiyo kama bendi unaitaka kwa roho yote ingia wakati iliyotangulia bado inapiga, na hao waliotangulia uwashangilie, ni watu.

Sasa kinachomaliza watu ni siku ya kwanza, sio ya tatu. Mtu anafika na mzuka wa miezi, anaruka kuanzia bendi ya kwanza kabisa, anapiga kelele mpaka sauti inakauka saa kumi jioni, anakunywa pombe juani na maji hagusi, analala alfajiri, na siku ya pili anaonekana nyuma kabisa kaegemea ukuta anasema bendi hazina nguvu. Bendi zina nguvu bana, yeye ndo hana! Siku ya kwanza jizuie. Kaa chini, namaanisha kukaa kwa matako, si kuinama kidogo, kila bendi isiyo ya lazima inapopiga. Kula chakula cha maana kabla hujaingia. Maji kunywa kidogokidogo siku nzima, usingoje kiu, lakini pia usijishindilie lita na lita kwa mkupuo wakati chumvi yote imetoka na jasho, hilo nalo linaumiza.

Viatu vifungwe, viwe umeshavizoea, na kama unavyo pea mbili ubadilishe kila siku, soksi hizo ndo usiniulize beba nyingi. Kama ni uwanja wa wazi soma hali ya hewa kabla ya kusoma orodha ya bendi. Tamasha la metali la Wacken, Ujerumani, ambalo lipo tangu 1990 na watu wake wanajua matope kuliko mtu yeyote, mwaka 2023 mvua ilipiga mpaka waandaaji wakasimamisha watu kuingia, kati ya mashabiki kama 85,000 waliotarajiwa, maelfu wakakosa kuingia na tiketi wanazo. Kwa hiyo buti za mpira sio ushamba.

*Anti, washkaji wananicheka nikivaa vizibo vya masikio, wanasema kama hutaki kelele kaa nyumbani. Afu kweli vile vya sponji vinaua muziki, nasikia besi tu. Nifanyeje? – Masikio Mawili Tu*

Waache wacheke, baada ya miaka kumi watakuwa wanakuuliza umesema nini. Hesabu yenyewe iko hivi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, inasema sauti ya desibeli 85 unaweza kuivumilia masaa 8, na kila ikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. 88 ni masaa 4, 91 ni mawili, nenda nayo hivohivo mpaka desibeli 100 unajikuta una dakika 15 tu. Na shoo ya metali inafika 100 na kuvuka bila shida yoyote, ukiwa karibu na spika ndo usiseme. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani, kwamba wastani wa sauti ukipimwa kila dakika 15 usizidi desibeli 100, na kwamba wateja wapatiwe vizibo na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Kumbi ngapi zinafuata, hayo muulize mwenye ukumbi. Wewe unaenda siku tatu, masaa kumi kila siku. Piga hesabu mwenyewe.

Kuhusu sponji uko sahihi, zinakata sauti za juu kuliko za chini ndo mana gitaa linapotea inabaki besi. Tafuta vile vyenye kichujio ndani, vinashusha kila kitu karibu sawasawa, muziki unabaki muziki ila umepungua ukali, na mara nyingi maneno ya muimbaji unayasikia vizuri zaidi kuliko mtu ambaye hajavaa. Kama sponji ndo ulizo nazo, basi zivae vizuri, watu wengi wanazichomeka mlangoni tu. Iviringe iwe nyembamba, mkono mwingine upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, isukume ndani, ishikilie kama nusu dakika ifure. Beba pea ya ziada kwa sababu moja itaanguka na hutaki kuiokota pale chini.

Ule mlio wa niiii unaoupata usiku baada ya shoo sio kumbukumbu nzuri ya tamasha, ni sikio linalalamika. Chembe ndogo za ndani zinazopokea sauti zikifa kwa binadamu hazioti tena. Mlio ukikaa siku mbili tatu nenda kwa daktari, na ikitokea sikio moja limezima ghafla usisubiri hata hiyo kesho.

*Mambo Anti. Mimi ni msichana, mfupi, kilo hazifiki 50, napenda hadikoo kufa. Nataka kuingia kwenye piti, pale mbele ya steji watu wanapocheza kwa kusukumana, ila naogopa. Kaka yangu anasema pale sio pa wasichana. – Kafupi*

Poa mdogo wangu. Kaka yako mwambie miaka ya tisini mwanzoni bendi ya panki ya Bikini Kill walikuwa wanasimamisha mambo stejini wanaita wasichana waje mbele, kwa hiyo hilo swali lishajibiwa kabla hujazaliwa. Pale ni pa anayejua kilichopo, basi.

Na kilichopo si kitu kimoja, hapa ndo wengi wanachemka. Piti ya metali ni ya kusukumana, mabega na mabega, hovyohovyo kila upande. Kuna wanafizikia wa chuo cha Cornell walikaa wakachambua video za shoo, mwaka 2013 wakachapisha kwamba watu kwenye piti wanatembea kwa namna inayofanana na chembe za gesi, na kwamba piti za duara karibu zote zinazunguka kinyume cha mshale wa saa. Mimi nilicheka lakini inasaidia, duara likianza unajua upande wa kuelekea. Usiingie kwa kulikata katikati, simama pembeni uusome mwendo kama anayengoja zamu ya kuingia kwenye kamba inayozungushwa, halafu ingia ukiwa tayari unakimbia upande wao.

Piti ya hadikoo ni kitu kingine. Pale katikati panaachwa wazi, mtu mmojammoja au wachache wanacheza, mikono inazunguka, mateke ya hewani, hasa brekidauni ikishuka, yaani pale wimbo unapopunguza spidi unakuwa mzito. Anayeumia mara nyingi sio anayecheza, ni aliyesimama mstari wa kwanza pembeni kaangalia simu. Kwa hiyo bendi mbili za mwanzo angalia tu, mikono iwe juu kifuani, ujue nani anacheza kwa akili na nani kaja kutafuta ugomvi. Huyo wa pili yupo kila tamasha, mkae mbali, wala sio lazima umzoee. Wakitangaza ule ukuta, umati unagawanyika nusu kwa nusu halafu mnakimbiliana, wewe mwenye kilo zako hizo mstari wa mbele usikae.

Kabla hujaingia vua hereni, mkufu, bangili za misumari ndo kabisa, funga kamba za viatu mara mbili, simu mfuko wenye zipu. Sheria kubwa ni moja na utaiona inafuatwa hata na mijitu ya kutisha, mtu akianguka kila aliye karibu anasimama anamnyanyua. Ukiokota kiatu au miwani inyooshe juu mwenyewe aione. Ukitaka kubebwa juu ya vichwa, sawa, ila mikono ya watu wengine haina adabu na hilo sio sehemu ya mchezo, yakikukuta piga kelele, onyesha kidole, mwite mlinzi, bendi nyingi za hadikoo zinasimamisha wimbo kabisa.

La mwisho na hili sikutanii. Piti inatisha kwa macho lakini ina nafasi ndani yake. Kinachoua ni ule msongamano wa mbele karibu na uzio ambapo hakuna anayecheza hata mmoja. Tamasha la Roskilde, Denmark, mwaka 2000, watu tisa walikufa bendi ya Pearl Jam ikiwa stejini, walibanwa mpaka hewa ikaisha. Ukiona huwezi kuinua mikono yako mwenyewe, au umati unakupeleka bila miguu yako kuamua, ondoka saa hiyohiyo hata kama ndo bendi uliyoijia. Mikono weka kifuani kama bondia ili kifua kipate kupanuka, usishindane na wimbi, likikuvuta nenda nalo, likitulia ibia hatua za mshazari kuelekea pembeni. Wewe kwa urefu wako simama ubavuni mwa steji, utaona vizuri tu.

*Dada, habari za kazi. Mwanangu wa miaka 16 nimemkuta kajichora X kubwa nyeusi kwenye viganja vyote kwa nyuma, anasema ni ya muziki wa hadikoo na anataka kwenda tamasha. Ni mambo ya shetani haya? – Mama Kijana*

Nzuri dada yangu, pole kwa presha. Hapana, tena ungejua ungemnunulia kalamu nyingine. Mwaka 1980 vijana wa bendi ya Teen Idles wa Washington walienda kupiga San Francisco kwenye klabu ya Mabuhay Gardens, umri hautoshi, wakachorwa X mikononi ili wasiuziwe pombe. Wakarudi kwao na wazo hilohilo, kwamba watoto waruhusiwe kuingia kuona muziki na alama iwazuie kinywaji. Baadaye kidogo Ian MacKaye, aliyekuwa kwenye bendi hiyo, akawa muimbaji wa Minor Threat, na kutoka kwao likapatikana jina la streti eji, yaani sinywi, sivuti, situmii madawa. Wapo wanaoshika hivo mpaka wana wajukuu.

Wewe kagua tu kama tamasha linaruhusu miaka 16 bila mtu mzima, mengine yanadai mzazi au mlezi, na umnunulie vizibo vya masikio, jibu lake liko hapo juu. Ukienda naye utakuta watu wazima wengi tu kule nyuma.

*Anti, shingo. Baada ya shoo siwezi kugeuka siku mbili. – Mtikisaji*

Punguza upana wa kutikisa kichwa. Mwaka 2008 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa kutikisa kichwa, nusu utani lakini vipimo ni vya kweli, wakakuta wimbo wa kawaida wa kutikisia kichwa una kama mapigo 146 kwa dakika na kwa spidi hiyo ukipeleka kichwa zaidi ya nyuzi 75 ubongo unaanza kuwa hatarini. Dawa yao ni kutikisa pigo moja ukiacha moja. Mimi naongeza tumia kiuno na magoti, mwili wote ushuke, shingo isifanye kazi peke yake. Tom Araya, muimbaji wa bendi ya metali ya Slayer, alifanyiwa upasuaji wa shingo 2010 na baada ya hapo kutikisa kichwa kukaishia hapo, na yule alikuwa analipwa. Ukianza kusikia ganzi mikononi au kichwa kinauma vibaya unatapika, hiyo sio shingo ya kawaida, hospitali.

*Je naweza kuvaa fulana ya bendi kwenye shoo ya bendi hiyohiyo? Wanasema ni ushamba. – Fulana Nyeusi*

Vaa. Na nyingine nunua kwenye meza ya mauzo ya bendi siku ya kwanza kabla saizi yako haijaisha, bendi ndogo ikiwa safarini mafuta ya gari mara nyingi yanatoka kwenye hiyo meza, na kuna kumbi zinakata asilimia yao hata kwenye fulana, kwa hiyo ukiona bei imepanda usimgombeze yule dada wa mezani.