Bustani ya Pwani: maswali yenu ya wiki hii

*Shikamoo bibi. Nilikata tawi la lantana njiani Gede nikalipanda mlangoni. Waridi na manjano kwenye shada moja! Jirani ataka niing'oe. Ni wivu? – Malindi*

Marahaba, mwanangu. Si wivu. Lantana imetoka Amerika ya kitropiki, ikaletwa kwa uzuri huohuo uliokuvutia. Maua yakishapita huja vitunda vyeusi. Ndege huvila, mbegu wakazinya watakapo, shambani kwa watu au ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Huko hufunga kichaka ambacho mche mwingine haupenyi. Na mbuzi akila majani yale, ini huharibika, akisimama juani ngozi humbabuka. Muulize jirani kama hana mbuzi.

Ukikata juu tu, itachipuka. Chimba na shina lake, kabla vitunda havijaiva. Muuza miche atakwambia ya kwake haizai, na kweli zipo zisizozaa. Basi aikague mbele yako: ikiwa na vitunda, mrudishie.

*Na bogenvilia nayo niing'oe? Nayo si ya huku. – Shela*

Iache, ipendeze ukuta. Ni ya Amerika Kusini, lakini huku ni nadra kuzaa mbegu. Haiendi mahali mpaka mtu achomeke kijiti. Ugeni pekee si kosa. Asmini zenu za kuvaa kichwani nazo asili yake ni Asia, na nani atazikataa?

*Nimepewa gugu maji lenye ua la zambarau. Nina kidimbwi karibu na Mto Sabaki. – Malindi*

Hapana. Waulize wavuvi wa Ziwa Victoria. Kwenye maji ya joto huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mafuriko ya Sabaki hayabishi hodi. Kama umeshalitia, liopoe lote, ulianike mbali na maji mpaka likauke kabisa, kisha ulichome. Endelea kukikagua kidimbwi: mbegu hukaa topeni miaka mingi.

*Mwarobaini je? Babu aliupanda. – Lamu*

Hapa nitagombana na wengi. Ni dawa, ni kivuli, lakini asili yake ni upande wa Bara Hindi, na ndege wameshaupeleka kwenye vichaka vya pwani yetu. Sisemi ukate mti wa babu. Fagia matunda yanapoanguka, ng'oa miche inayoota chini, na usimpe mche mtu anayekaa kando ya msitu, hata akuombe vipi.